Maswali ya Mchangiaji Mpya katika Miradi ya Programu Huria: Nani Ayajibu kwa Kiswahili?

1.0 Utangulizi

Takriban kila mradi mkubwa wa programu huria una waraka mfupi unaojibu maswali ya mgeni. Mgeni huyo huuliza kama ni lazima ajue kuandika programu, aombe ruhusa kwa nani, kazi atakayoitoa itakuwa mali ya nani, kwa nini aliyoituma juzi haijajibiwa, kama kuna malipo, na aanzie wapi. Maswali haya yamerudiwa mara nyingi kiasi kwamba walezi wa miradi wameona heri kuyaandikia majibu ya kudumu kuliko kumjibu kila ajaye. Kwa mtazamo wa haraka, waraka wa aina hii ni shughuli ya mafundi wa kompyuta, nao hauna la kumwambia mtaalamu wa Kiswahili.

Makala haya yanatetea msimamo ulio kinyume. Yanadai kwamba maswali ya mchangiaji mpya ni maswali ya desturi kabla hayajawa maswali ya ufundi. Kwamba desturi hiyo hurithishwa kwa lugha, na lugha hiyo kwa sehemu kubwa ni Kiingereza. Na kwamba nafasi ya Kiswahili ndani ya kompyuta itategemea zaidi idadi ya watu wanaoweza kupata majibu ya maswali hayo kwa Kiswahili kuliko wingi wa istilahi zilizokwisha kuundwa. Iwapo dai hili ni sahihi, basi kuyajibu maswali hayo ni sehemu ya kazi ya idara za Kiswahili, wala si hisani wanayoombwa kuifanya baada ya kazi zao.

2.0 Programu Huria na Kiswahili

Programu huria ni programu ambayo leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuitumia kwa lengo lolote, kuusoma msimbo wake, yaani matini ya maagizo yaliyoandikwa na mwanaprogramu, kuubadili msimbo huo, na kusambaza nakala zake zikiwa zimebadilishwa au la. Msingi wa fikra hii uliwekwa na Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alianzisha kiini cha mfumo uliokuja kuitwa Linux. Inafaa kutaja kwamba mjadala mrefu uliowasumbua wasemaji wa Kiingereza, ambao neno lao moja hubeba maana ya uhuru na maana ya kutolipia, haukihusu Kiswahili. Kiswahili kina *huria* na kina *bure*, na hakuna msemaji anayeyachanganya. Hata hivyo, neno *huria* nalo lina historia yake: wengi walilizoea katika *soko huria* la miaka ya themanini na tisini, na baadhi yao hulisikia hadi leo likiwa na harufu ya biashara isiyo na mwangalizi. Programu huria, kama itakavyoonekana, ina waangalizi wengi.

Kiswahili kiliingia katika uwanja huu mapema. Mwaka 2004 mradi uliojulikana kama Kilinux, uliokikutanisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya kazi za ofisi ya OpenOffice.org iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Toleo hilo la Desemba 2004 lilijengwa juu ya OpenOffice.org 1.1.3. Lilithibitisha kwamba menyu, maonyo na maelezo ya kompyuta yanaweza kusomwa kwa Kiswahili sanifu bila kumchekesha msomaji. Lakini mwezi Oktoba 2005, kabla mwaka haujatimia, OpenOffice.org 2.0 ilitoka. Mwaka 2010 sehemu ya wanajumuiya walijitenga na kuanzisha LibreOffice, na programu ikaendelea kukua upande huo. Kila toleo jipya huleta ujumbe mpya wa kutafsiriwa na kuubatilisha mwingine uliokwisha kutafsiriwa.

Tabia hii si dosari ya waliofanya kazi ya mwaka 2004. Ndiyo hali ya programu yenyewe. Tafsiri ya kitabu ikishachapishwa imekwisha; tafsiri ya programu ni mfano wa paa la makuti, ambalo fundi hodari hata akiliezeka vizuri vipi, lazima liezekwe upya baada ya misimu kadhaa ya mvua. Kwa hiyo swali muhimu si nani ataezeka, bali ni kama kijiji kina watu wanaojua kusuka makuti. Mradi wenye bajeti na tarehe ya kumalizika unaweza kuezeka mara moja. Ni wachangiaji wa kudumu wanaoweza kuezeka kila mara, na wachangiaji hawapatikani pasipo kujibiwa maswali yao.

3.0 Maswali ya Desturi

3.1 Ruhusa

Swali la kwanza la mgeni huwa ni la ruhusa: amwombe nani? Jibu la kisheria ni kwamba hamwombi mtu, kwa kuwa leseni ilikwisha kumruhusu. Jibu la kijamii ni tofauti. Leseni inampa haki ya kuubadili msimbo katika kompyuta yake. Haimpi haki ya kuona badiliko lake likiingizwa katika nakala kuu ambayo wote huitumia. Hapo pana mlezi wa mradi, au walezi kadhaa, ambao husoma kila kiraka kinacholetwa na kuamua kukikubali, kukirudisha kirekebishwe, au kukikataa. Mgeni asiyeitambua tofauti hii huona amealikwa mlangoni kisha akazuiwa ukumbini.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika mradi wa programu huria jembe hutolewa siku ya kwanza, lakini shamba la kuanzia huwa dogo: kusahihisha tahajia katika maelezo, kuripoti hitilafu kwa namna ambayo mwingine anaweza kuirudia, kutafsiri ujumbe kumi. Hapa ndipo linapopatikana pia jibu la swali la kama ni lazima kujua kuandika programu. Si lazima. Nyaraka, tafsiri, majaribio na uhakiki wa lugha vinahitaji watu ambao ujuzi wao mkuu ni kusoma kwa makini na kuandika kwa ufasaha, sifa ambazo idara za lugha hudai kuwafundisha wanafunzi wao.

3.2 Umiliki

Swali la pili ni la mali. Mwanafunzi aliyetafsiri ujumbe elfu mbili anapenda kujua kama kazi hiyo bado ni yake. Majibu hutofautiana baina ya mradi na mradi, na kwa sababu hiyo hasa ni lazima yasomwe kabla ya kazi kuanza. Katika kiini cha Linux kila mchangiaji, au mwajiri wake, hubaki na hakimiliki ya alichokiandika, nacho husambazwa kwa masharti ya leseni ya pamoja. Tangu mwaka 2004 mchangiaji hutakiwa kuweka mstari wenye jina lake chini ya kila kiraka, akithibitisha kwamba ana haki ya kukitoa. Baadhi ya programu za GNU kwa muda mrefu zilidai mchangiaji aihamishie hakimiliki yake taasisi ya Free Software Foundation; mradi wa GCC uliliondoa sharti hilo kuwa la lazima mwaka 2021.

Mstari ule wa jina una uzito kuliko unavyoonekana. Mwalimu aliyeajiriwa na chuo, au mwanafunzi anayefadhiliwa, huenda asiwe mmiliki pekee wa anachokiandika. Aidha, mtu aliyenakili istilahi kutoka katika kamusi yenye hakimiliki na kuziingiza katika mradi amethibitisha jambo lisilo la kweli kwa jina lake mwenyewe. Wanafunzi wa Kiswahili hufundishwa kutaja vyanzo ili wasituhumiwe kuiba maandishi. Ni nadra kufundishwa kwamba kukitaja chanzo hakuleti ruhusa ya kukisambaza upya. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na fundi wa kompyuta.

3.3 Kukataliwa na Kunyamaziwa

Malalamiko yanayosikika zaidi ni ya kunyamaziwa. Mgeni ametuma kazi yake, wiki tatu zimepita, na hakuna neno. Katika utamaduni ambao kutoitikia salamu ni tusi, ukimya huo hufasiriwa kuwa dharau, na wengi hawarudi. Mara nyingi, hata hivyo, ukimya ni dalili ya uchovu. Programu zinazotumiwa na mamilioni ya watu huweza kuwa na mlezi mmoja anayezitunza baada ya saa za kazi.

Tukio la mwaka 2024 linaeleza kwa nini walezi hawapokei kila kiletwacho. Programu ya kubana mafaili iitwayo xz ilikuwa chini ya mlezi mmoja aliyeelemewa. Mchangiaji mmoja, aliyetumia jina ambalo halijathibitishwa kuwa lake, alijenga uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili kwa michango iliyoonekana kuwa ya manufaa, hadi akakabidhiwa sehemu ya ulezi. Kisha akapenyeza mlango wa siri ambao ungemwezesha kuingia katika kompyuta za watu. Njama hiyo iligunduliwa mwezi Machi 2024 na mhandisi Andres Freund, aliyeshangazwa na ucheleweshaji wa takriban nusu sekunde wakati wa kuingia katika kompyuta kwa SSH. Baada ya tukio kama hilo, mgeni anayeulizwa maswali mengi hana budi kuelewa kwamba hadharauliwi. Anapimwa kama mlinzi wa ghala anavyompima mtu anayeomba funguo.

Kisa kingine kinawagusa wanataaluma moja kwa moja. Mwaka 2021 ilibainika kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani walikuwa wamewatumia walezi wa Linux viraka vyenye kasoro za makusudi ili kupima kama vingegunduliwa. Mwezi Aprili mwaka huo Greg Kroah-Hartman, mmoja wa walezi wakuu, aliipiga marufuku michango yote ya chuo hicho, na ile ya awali ikaanza kuhakikiwa upya. Watafiti waliiondoa makala yao iliyokuwa imekwisha kukubaliwa. Funzo lake kwa idara yoyote linajitokeza lenyewe: mchangiaji anayetumia anwani ya chuo hachangii kwa jina lake peke yake. Walezi wa mradi ni watu, na utafiti juu ya watu una maadili yake hata kama watu hao wanakutana na mtafiti kwa maandishi tu.

3.4 Malipo

Imezoeleka kuieleza programu huria kwa kuilinganisha na ujima. Ulinganisho huo unasaidia, lakini una mipaka inayopaswa kusemwa waziwazi. Katika ujima majirani wanaolima shamba la mtu leo wanajua kwamba kesho zamu yao itafika, na mwenye shamba huwapikia. Katika programu huria wapo wanaolima kwa kujitolea, na wapo wanaolipwa mishahara na makampuni makubwa kulima shamba hilohilo. Sehemu kubwa ya kazi ya kiini cha Linux hufanywa na watu wa kundi hili la pili. Ipo mipango ya posho kwa wachangiaji wapya, kama vile Google Summer of Code iliyoanza mwaka 2005, lakini nafasi zake hushindaniwa na ulimwengu mzima. Lugha ambayo soko lake ni dogo machoni pa kampuni hutegemea zaidi mikono isiyolipwa.

Kwa hiyo mwalimu anayewapangia wanafunzi wake kazi ya kutafsiri programu ana maswali mawili ya kujiuliza. Je, wanafunzi wanapata elimu inayolingana na jasho lao? Je, majina yao yatabaki katika kumbukumbu za mradi, au litabaki jina la mwalimu peke yake? Pia kuna hatari ya kupima kwa idadi. Shindano la kila mwaka la Hacktoberfest, lililoanzishwa na kampuni ya DigitalOcean mwaka 2014, liliwaahidi fulana watu waliotimiza idadi fulani ya michango. Mwaka 2020 miradi mingi ilifurikwa na michango ya kubadilisha neno moja tu isiyo na faida, na waandaaji wakalazimika kubadili kanuni ili mradi uingie shindanoni kwa ridhaa yake. Mwalimu atakayetoa alama kwa kuhesabu viraka atayavuna hayohayo darasani.

4.0 Maswali Ambayo Ni ya Kiisimu

Yapo maswali mengine ambayo waraka wa Kiingereza hauyataji kabisa, kwa sababu Kiingereza hakiyazalishi. Mfano bora ni upatanisho wa kisarufi. Programu nyingi zina ujumbe ambao nafasi moja huachwa wazi, na kompyuta huijaza kwa nomino inayohusika, kisha hufuata kitenzi kinachoarifu kwamba kitu hicho kimefutwa. Kiingereza hutumia umbo moja la kitenzi kwa nomino zote. Kiswahili hakina anasa hiyo: *picha imefutwa*, *kitabu kimefutwa*, *jedwali limefutwa*, *mtumiaji amefutwa*. Mtafsiri anayeandika *imefutwa* katika nafasi hiyo amekisia ngeli, naye atakuwa sahihi mara moja na kukosea mara tatu. Hata neno *faili* lenyewe lina mgogoro wake, kwani wapo wanaosema *faili limefutwa* na *mafaili yamefutwa*, na wapo wanaosema *faili imefutwa* na *faili zimefutwa*.

Zana nyingi za ujanibishaji zililifikiria suala la idadi, lakini hazikulifikiria suala la ngeli. Zana ya gettext ya mradi wa GNU humruhusu mtafsiri kueleza kanuni ya umoja na wingi ya lugha yake. Kiarabu hupewa maumbo sita, Kiswahili mawili. Hakuna mahali pa kueleza kwamba kitenzi kinasubiri kiambishi cha nomino ambayo bado haijulikani. Mtaalamu wa sarufi ana njia mbili za kulijibu tatizo hili, na zote ni michango halisi. Njia ya kwanza ni kuunda sentensi upya ili kitenzi kipatane na kitenzi-jina badala ya nomino isiyojulikana: *Kufutwa kwa* na kufuatiwa na jina la kitu, kisha *kumekamilika*. Ngeli ya KU, ambayo vitabu vya sarufi huipitia kwa haraka, hapa inaiokoa sentensi, kwa kuwa upatanisho wake haubadiliki hata kitu kilichofutwa kiwe cha ngeli gani. Njia ya pili ni kuwaandikia walezi kuwaomba waugawe ujumbe huo mmoja kuwa sentensi kamili kadhaa, kila moja kwa aina yake ya kitu. Ombi hilo likikubaliwa halikifaidishi Kiswahili peke yake. Linazifaidisha lugha nyingi za Kibantu, na hata lugha za Ulaya zenye jinsia za kisarufi.

Hali kadhalika suala la istilahi. Mvutano wa *kompyuta*, *tarakilishi* na *ngamizi* unafahamika kwa kila msomaji wa jarida la Kiswahili, na mengi yameandikwa kuhusu lipi lilistahili kushinda. Kilichokosekana mara nyingi ni kumbukumbu: nani alipendekeza nini, lini, kwa hoja gani, na nani alipinga. Mradi wa programu huria unaotumia mfumo wa kutunza matoleo, kama Git uliobuniwa mwaka 2005, huhifadhi kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya na tarehe yake, na desturi njema humtaka aeleze sababu. Mtu akibadili *kabrasha* kuwa *folda*, badiliko hilo na mabishano yake yatasomwa na mtafiti miaka ishirini baadaye. Kwa mwanaleksikografia hiyo ni hazina ambayo faili za kamati za istilahi, zilizotawanyika makabatini, hazijawahi kumpatia.

Kuna pia swali la Kiswahili kipi. Hazina ya data za lugha iitwayo CLDR, inayotunzwa na Unicode, ambayo simu na kompyuta huitegemea kwa majina ya siku, miezi, nchi na sarafu, inatenga Kiswahili cha Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Mchangiaji anapouliza lipi liwe umbo la wote na lipi liwe la nchi moja, anauliza swali la usanifishaji ambalo wanaisimu wamelijadili tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930. Tofauti ni kwamba jibu atakalopewa, au atakalolikisia kwa kukosa wa kumjibu, litaonekana kesho katika simu za mamilioni ya watu.

5.0 Hoja za Upinzani

Hoja ya kwanza ya kupinga msimamo huu ni kwamba chombo chenye mamlaka ya istilahi kipo, na kwamba wachangiaji wasiodhibitiwa watazalisha vurugu. Hofu hiyo ina msingi, lakini inachanganya kuidhinisha na kutumia. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, linaweza kuidhinisha istilahi. Haliwezi kukaa ndani ya kila mradi kuona zimetumikaje katika sentensi, wala kujua kwamba neno lililoidhinishwa ni refu kuliko kitufe lililokusudiwa. Mchangiaji aliyefunzwa ndiye daraja baina ya orodha iliyoidhinishwa na kioo cha kompyuta. Asipofunzwa hataacha kuchangia. Atachangia vibaya.

Hoja ya pili ni ya kisasa zaidi: kwamba mashine sasa zinatafsiri, na kazi hii itajifanya yenyewe. Mashine kweli zinatafsiri, na baadhi ya tafsiri zake ni nzuri. Lakini mashine inayopewa neno moja lililokatwa kutoka katika muktadha wake haiwezi kujua kama ni kitenzi cha kuamuru au nomino, wala ni ngeli gani itakayofuata. Zaidi ya hayo, lazima awepo mtu wa kuweka jina lake chini ya kiraka na kusema kwamba ana haki ya kukitoa na kwamba amekisoma. Mashine ikiongeza kasi ya kuzalisha tafsiri, inaongeza pia mzigo wa mhakiki. Bila wahakiki wa Kiswahili walioizoea desturi ya miradi hiyo, kasi hiyo itazalisha Kiswahili kibovu kwa wingi zaidi, nacho kitarudi kuwa chakula cha mashine za kesho.

Hoja ya tatu ni kwamba anayetaka kuchangia programu hana budi kujua Kiingereza, hivyo mwongozo wa Kiswahili hauna msomaji. Hoja hii inajibiwa na mwenendo wa lugha nyingine. Nyaraka za kiini cha Linux, yakiwemo maelezo ya namna ya kuchangia, zina tafsiri za Kichina, Kijapani, Kikorea, Kiitaliano na Kihispania. Wanaozisoma wengi wao wanakijua Kiingereza cha kutosha kusoma msimbo. Wanachokitafuta katika lugha yao ni desturi: namna ya kuomba, namna ya kukubali kukosolewa, namna ya kukumbusha bila kuudhi. Mambo haya ni ya pragmatiki, na mtu huyaelewa vyema zaidi katika lugha aliyojifunzia adabu. Kiswahili hakimo katika orodha hiyo.

6.0 Hitimisho

Yanayopendekezwa hapa hayahitaji mfadhili mkubwa. Kwanza, idara za Kiswahili zishirikiane na idara za kompyuta kuandika mwongozo mfupi wa mchangiaji kwa Kiswahili, unaojibu maswali ya ruhusa, umiliki, ukimya na malipo kwa uwazi, na unaoongeza yale ya ngeli, istilahi na lahaja ambayo miongozo iliyopo haiyataji. Mwongozo huo nao utolewe kwa leseni huria, ili yeyote aweze kuusahihisha. Pili, orodha za istilahi zinazotungwa vyuoni ziwekwe katika mfumo unaotunza matoleo na sababu za mabadiliko, badala ya kuchapwa mara moja na kusahauliwa. Tatu, mwanafunzi wa uzamili aliyefuatilia ujumbe mmoja hadi walezi wakaubadili kwa sababu ya upatanisho wa Kibantu ahesabiwe kuwa amefanya utafiti, kwa kuwa amebaini tatizo, amependekeza suluhisho, na amelitetea mbele ya wahakiki wasiomjua. Nne, kamati za kupandisha vyeo zijifunze kuzisoma kumbukumbu za miradi, ambazo kwa uwazi wake zinazidi mapitio mengi ya siri ya majarida.

Ipo gharama katika hayo. Mwalimu atakayeyafanya atapunguza saa za kuandika makala, na huenda mwaka ukapita kabla jina lake halijaonekana katika nakala kuu ya mradi wowote. Lakini gharama ya kutoyafanya imekwisha kuonekana. Kiswahili kilipata programu yake ya ofisi mwaka 2004, kwa juhudi za watu waliojua walichokuwa wakikifanya. Kilichokosekana baada ya hapo ni kizazi cha watu wanaojua pa kubisha hodi, wanaoelewa kwa nini mlango haukufunguliwa mara moja, na wanaobaki barazani hadi ufunguliwe. Kizazi hicho kimo katika madarasa ya idara za Kiswahili sasa hivi, na maswali kinayo. Kinachosubiriwa ni walimu wa kuyajibu.